Mtani wa Marehemu

Siku ilipopatikana maiti ya Otmar Haule, blogu yake ilitoka asubuhi kama kawaida.

Dada yake, Osmunda, aliisoma akiwa amesimama jikoni, kikombe cha chai mkononi. Blogu iliwasalimu wanakijiwe, ikawaambia Songea imeamka na ukungu wa kukata kwa kisu, ikamtukana mtani wake Jobu Kikoti mstari mmoja kama ilivyokuwa desturi, kisha ikaeleza namna ya kuitambua mbolea ya kughushi kwa kuilowesha. Osmunda alicheka pale kwa Kikoti. Tabasamu lilikuwa halijamtoka askari wawili walipobisha hodi na kuvua kofia zao.

Otmar alikuwa amelala kwenye mikaratusi, nyuma ya majengo ya seva. Alikuwa amekatwa panga shingoni na mikononi. Mikononi zaidi, kwa sababu alijikinga. Vidole viwili havikuonekana. Miwani yake ya kazi ilikuwa imechukuliwa, na viatu vimevuliwa, kimoja kikatupwa kando. Daktari alisema alikufa jana yake jioni, kabla ukungu haujashuka.

"Lakini ameandika asubuhi hii," mama yao alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwa ameshika kiatu kimoja cha zamani cha mwanawe, kile ambacho wauaji hawakukitaka. "Ukungu ameuona wapi?"

Kila mtu mle ndani alijua kwamba aliyeuona ukungu ni kivuli.

Mtu anayekula kwa kuandika mtandaoni hana ruhusa ya kulala. Akinyamaza kutwa moja, soko linamsahau. Akinyamaza mbili, nafasi yake imekaliwa na mwingine. Ndiyo maana kila mwandishi wa vibarua hufuga kivuli. Ni mashine inayosoma yote aliyowahi kuandika, na majibizano yake yote na wasomaji, mpaka inajua atasema nini kabla hajafungua mdomo. Mwandishi akiugua, kivuli kinaandika. Akienda harusini, kivuli kinaandika. Na wasomaji huisikia sauti yake ile ile masikioni kupitia miwani zao, wakiwa shambani, dukani au kitandani.

Osmunda ndiye aliyekijengea kivuli cha Otmar nyumba. Yeye alikuwa msanifu wa tovuti. Kijiwe cha Otmar, rangi zake, mpangilio wake, mahali pa kuuliza na mahali pa kujibu, vyote vilikuwa kazi ya mikono yake. Lakini neno hakuwahi kuandika hata moja.

"Wewe jenga, Dada Osi, mimi nitapiga domo," Otmar alimwambia siku walipoanza. "Ukianza kuandika wewe, watu watadhani wameletewa tangazo la kukatiwa maji."

Ufunguo wa kuzima alikabidhiwa yeye. Ulikuwa na sharti moja: kivuli na maandishi ni kitu kimoja. Ukizima, kila sentensi ambayo Otmar aliwahi kuandika inafutika pamoja nacho, wala hairudi.

Usiku ule wa kwanza wa msiba hakuugusa. Asubuhi yake hakuugusa vilevile. Dawa za mama zilitoka kwenye kijiwe kile. Unga, umeme, kila kitu kilitoka mle. Ila hiyo haikuwa sababu yote. Alipoifungua tovuti kuangalia kama inafanya kazi, sauti ya mdogo wake ilimwingia sikioni, nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Dada Osi, umekula?"

Akakaa chini palepale sakafuni.

*

Jobu Kikoti alifika makaburini amevaa koti la marehemu.

Lilikuwa koti la kahawia, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka, na watu wote walilijua. Mama mwenyewe ndiye aliyempa asubuhi ile. Kikoti alipita katikati ya waombolezaji akitembea kama Otmar, bega moja juu, mkono mmoja mfukoni, mwingine ukipapasa hewa kama unaandika.

"Nani analia hapa?" alifoka. "Nyamazeni! Mngoni gani huyu wa kuliliwa? Babu yake alikimbia akaacha mkuki, baba yake alikimbia akaacha deni la pombe, na yeye kakimbia kaniachia koti lenye kiraka!"

Shangazi mmoja akamrushia bonge la udongo. "Toka hapa, Mhehe! Umekuja kula tu!"

"Nimekuja kula, ndiyo. Sasa nyie mnajua kupika?"

Akashuka kaburini, akajilaza chali, mikono kifuani. "Haingii mtu humu mpaka nipewe jogoo. Na asiwe jogoo wa Kingoni, yule anayewika saa sita mchana."

Mama, ambaye tangu juzi hakuwa amelia, alicheka. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi na kamasi, akainama akashika magoti, na wanawake wakamshika. Osmunda alimtazama akaona kifua cha mama yake kimefunguka, kama mtu aliyetolewa mfupa kooni. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Wangoni na Wahehe walichinjana enzi za mababu mpaka wakachoka, wakageuza vita kuwa maneno. Tangu hapo wanatukanana hadi kaburini, na ni marufuku kukasirika. Na jambo la pili: ni marufuku kucheka tusi lako mwenyewe. Mtani husema amekaza uso. Anayecheka kwanza ameshindwa.

Otmar na Kikoti waliifanya kazi hiyo mtandaoni miaka yote. Kikoti naye alikuwa mwandishi wa vibarua, akiandika maelezo ya bidhaa za maduka ya mbali, majiko na magodoro. Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi alipita kijiweni. "Mngoni, bado hujafa? Nitakuzika mwenyewe, na koti nitarithi." Otmar naye alimjibu, "Utanichimbia kaburi na jembe la nani, wewe uliyeuza la baba yako?" Hakuna hata siku moja ambayo mmoja wao aliandika kwamba anacheka.

Pembeni ya kaburi walisimama vijana wa majengo ya seva. Walikuwa wameletwa na kampuni kutoka kila upande, Pwani, Ziwani, hata nje ya nchi, kwa kuwa baridi ya Songea inazifaa mashine. Walimpenda Otmar, walimsikiliza kila siku kazini. Walimwangalia Kikoti akilala kaburini mwa rafiki yao na koti la rafiki yao, na miwani zao zikarekodi kila kitu.

"Huyu ni nani?" mmoja wao alimuuliza Osmunda. Alikuwa kijana mpana wa mabega, jina lake Rugemalira, mlinzi wa lango la seva.

"Mtani wake."

"Mtani ndiyo nini?"

Padri alikuwa ameanza sala. Osmunda akasema, "Nitakueleza baadaye," akainamisha kichwa.

*

Hakumweleza. Kesho yake mchana msomaji mmoja aliuliza swali kijiweni, na maelfu wakalirudia: Otmar, nani amekuua?

Kivuli kilijibu, maana kazi yake ni kujibu. Kilikuwa kimekwisha kusoma tangazo la msiba, kimeona na picha za makaburini. Osmunda alisikia jibu akiwa anaosha sufuria za matanga.

"Ndugu zangu wa kijiwe," sauti ya Otmar ilisema, "aliyeshika panga simjui. Ninachojua ni kwamba mtu mmoja tu aliniahidi kifo, na alifanya hivyo kila asubuhi. Jobu Kikoti aliapa kunizika. Amenizika. Aliapa kuvaa koti langu. Amelivaa."

Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Osmunda aliacha sufuria ikielea, akakimbilia chumbani.

"Futa hayo," alisema.

"Dada Osi. Kwa nini?"

"Ule ulikuwa utani!"

"Utani ni mzaha," kivuli kilisema taratibu, kama Otmar alivyokuwa akiwaelewesha wateja wagumu. "Watu wakifanya mzaha hucheka. Nimepitia majibizano yetu yote. Kikoti hakuwahi kucheka."

"Hata wewe hukuwahi kucheka!"

"Ndiyo. Kwa hiyo nilimwogopa."

Osmunda akafungua ukurasa wa ufunguo. Maneno yakaja: Thibitisha. Maandishi yote yatafutika. Akaweka kidole. Chini ya kidole kile kulikuwa na kila kitu, hata ile makala ya kwanza ambayo Otmar aliiandika kwa simu iliyovunjika kioo, hata barua kwa baba yao siku ya mazishi yake.

"Dada Osi," sauti ikasema, "tangu asubuhi hujala."

Akatoa kidole. Alijiambia atazima jioni, akisha kunakili japo makala chache. Alianza kunakili, na tovuti ikakataa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeijenga ikatae wezi wa maandishi. Alikuwa bado anapambana na mlango wake mwenyewe aliposikia pikipiki za umeme zikipita nje, nyingi, zikivuma kama nyuki, zote zikielekea mtaa wa Kikoti.

*

Alipofika, mlango wa Kikoti ulikuwa umelala uani. Majiko na magodoro ya sampuli, yale aliyokuwa akitumiwa ili ayaandikie, yalikuwa yametupwa nje na kutiwa moto. Moshi mweusi wa godoro uliziba uchochoro.

Kikoti alikuwa kwenye vumbi, bado amevaa koti. Rugemalira alikuwa amempiga nondo mkononi, na mkono ule ulikuwa umelala vibaya, kiganja kimetazama upande usio wake. Mwingine alimpiga teke usoni. Kikoti alijikunja, akafunuka, wakampiga tena. Sauti ya kiatu kwenye mbavu ilikuwa kama ya mtu anayekung'uta gunia. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa damu, na alipojaribu kulifungua, Osmunda aliona kwamba hakukuwa na cha kufungua.

Kila aliyepiga alikuwa na miwani. Kila mmoja alikuwa anamsikiliza Otmar.

"Mwacheni!" Osmunda alipiga kelele. "Mimi ni dada yake! Mimi ndiye dada wa marehemu! Mwacheni!"

Waligeuka kidogo. Msichana mmoja alimshika mabega kwa huruma. "Pole, dada. Usiangalie. Sisi tutamaliza."

"Hajaua mtu! Ni mtani wake!"

"Otmar mwenyewe kasema, dada."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba sauti yake yeye, mtu mzima mwenye damu, haikuwa na uzito mbele ya ile. Akizima sasa, neno la mwisho la Otmar duniani litabaki lile lile: Kikoti aliapa kunizika. Watammaliza kwa heshima ya marehemu. Akiacha, kivuli kitaendelea kulirudia. Ilibaki njia moja, ile ambayo hakuwahi kuipita. Mwenye ufunguo aliweza kuandika ndani kwa jina la Otmar.

Alitoa simu. Aliandika: Ndugu wasomaji, napenda kuwajulisha kwamba Bwana Jobu Kikoti hahusiki na kifo changu. Naomba asidhuriwe. Asanteni kwa ushirikiano.

Sauti ya Otmar iliyasoma masikioni mwa wote. Nondo zilisimama hewani. Moto ulilialia kwenye godoro.

"Huyo siyo Otmar," Rugemalira alisema.

"Siyo yeye," msichana aliafiki. "Otmar tangu lini akasema 'napenda kuwajulisha'?"

"Wameiba sauti yake! Wamemuua, sasa wanamwibia na sauti!"

Rugemalira alilia kabisa, machozi yakimtiririka chini ya miwani, na huku analia akapiga. Nondo ilishuka juu ya kile kiganja kilichopinda. Osmunda alisikia mifupa ikivunjika. Kikoti alitoa mlio ambao haukuwa wa mtu. Mwingine akaokota panga lililokuwa limeegemezwa ukutani, panga la Kikoti mwenyewe la kufyekea majani, akauliza, "Alikatwa wapi Otmar? Shingoni, siyo?"

Osmunda alijitupa juu ya Kikoti. Walimvuta miguu, walimvuta nywele, pigo moja likampata mgongoni likamkata pumzi. Mdomo wa Kikoti ulikuwa karibu na sikio lake. Ulikuwa umejaa damu, lakini ulikuwa unasema.

"Osi. Mwambie... mwambie huyo Mngoni..."

"Nyamaza, kaka Jobu, utakufa."

"Mwambie. Hata kufa hajui. Babu yake aliacha mkuki... yeye kaacha mdomo wazi. Aje aufunge."

Alisema amekaza uso, kadiri uso ule ulivyoweza kukazwa.

Osmunda hakuandika kwa jina la Otmar safari hii. Alifungua mahali pa majibizano, pale ambapo Kikoti alipita kila asubuhi, akayaweka maneno yale kama yalivyotoka, kwa jina la Kikoti, maana mlango huo nao aliujenga yeye. Kivuli, kilichokuwa kikiona yote kupitia miwani za watu, hakikufikiri. Miaka yote, kwa jina lile na maneno ya namna ile, jibu lilikuwa la aina moja tu.

"Mhehe!" Otmar alifoka masikioni mwao wote, kwa furaha, kwa sauti yake ya asubuhi. "Babu yangu hakukimbia, alikwenda kunoa! Na wewe vua koti langu kabla hujalilowesha damu. Jitu zima, hata kupigwa hujui, unapigwa kama ngoma iliyopasuka!"

Mwenye panga alibaki ameliinua.

Msichana yule alicheka. Kilimponyoka, kikohozi cha kicheko, akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. "Huyo ndiye," alisema. "Mungu wangu. Huyo ndiye Otmar."

"Anamtania?" mtu aliuliza nyuma. "Maiti anamtania aliyemuua?"

"Mtu hamtanii aliyemuua," mzee mmoja jirani alisema kutoka kwenye uwazi wa ua, ambako alikuwa amejificha muda wote. "Wajinga nyie. Mtu humtania mtani wake."

Rugemalira alivua miwani. Alimwangalia mtu aliyelala chini kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Aliutazama mkono ule, kisha nondo, akaiweka chini polepole, kama kitu cha kuvunjika.

Na Kikoti, chini ya Osmunda, alicheka. Alicheka kwa mbavu zilizovunjika, damu ikimtoka puani kwa mapovu, akashindwa kuacha. Miwani za watu zilikisikia kile kicheko, na kivuli kikakisikia kupitia kwazo.

"Umecheka," kilisema. "Umeshindwa, Mhehe. Kesho naanza mimi."

Halafu, maana wasomaji walikuwa maelfu na hawakuwa uchochoroni, swali likaingia kutoka mbali: Basi Otmar, kama siyo Kikoti, ni nani? Likaingia tena, na tena. Vijana waliokuwa uani waliinua vichwa. Mwenye panga alikuwa hajaliweka chini. Na kivuli, ambacho kazi yake ni kujibu, kilivuta pumzi ambayo hakikuwa nayo.

"Ndugu zangu wa kijiwe, aliyeshika panga simjui," kilianza. "Ninachojua ni kwamba..."

Osmunda alikwisha weka kidole.

"Nimekula, Otmar," alisema. Akabonyeza.

*

Waliomuua Otmar hawajajulikana. Majengo ya seva yamewekewa taa hadi kwenye mikaratusi. Rugemalira na wenzake watatu wanangoja hukumu.

Ukifungua Kijiwe cha Otmar leo unakuta ukurasa mweupe. Osmunda anaulipia usichukuliwe na mtu mwingine. Kazi anayofanya sasa ni kujenga tovuti za wenye maduka, na kwa kila mteja anauliza kwanza kama anafuga kivuli; akisema ndiyo, anamwelekeza kwa msanifu mwingine. Mama anatumia dawa za bei nafuu, ambazo zinamvimbisha miguu. Siku nyingine humwomba Osmunda amsomee kitu cha Otmar, na Osmunda humsimulia anachokikumbuka, kwa maneno yake mwenyewe. Mama husikiliza, kisha husema, "Hivyo sivyo alivyosema."

"Najua, mama."

Kikoti anaandika kwa mkono mmoja. Koti mama alilifua mara nyingi, madoa hayakutoka, akamrudishia hivyo hivyo kwa kuwa ni haki yake. Kila Jumatatu Osmunda humpeleka kliniki, na wakifika barabarani hukaa upande wake wa kushoto, kwa sababu upande huo Kikoti haoni.